Kuratibu Uanuwai Chuoni: Mwongozo kwa Waratibu, Wahadhiri na Viongozi wa Wanafunzi nchini Kenya

Kijitabu hiki ni cha wale waliokabidhiwa kazi ya kuwaunganisha watu wa chuo kikuu: maafisa katika ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, wahadhiri waliowekwa kwenye kamati za uwiano, na viongozi wa wanafunzi. Wengi hupewa jukumu hili juu ya kazi nyingine, bila bajeti, na agizo la kwanza huwa ni kuandaa wiki ya utamaduni. Ngoma, mavazi na vyakula vya jamii zetu vina thamani yake, na wanafunzi huvifurahia. Lakini kazi yenyewe iko katika siku nyingine zote za muhula: nani anaajiriwa, nani analala chumba kipi, lugha gani inasikika kwenye dirisha la karo, na mtihani umewekwa siku gani.

Theluthi moja

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kifungu cha 7 kinakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na vyuo vikuu vya umma vimo. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC). Tume ilipokagua ajira vyuoni, ilikuta vyuo kadhaa vimevuka theluthi hiyo, na mara nyingi jamii iliyozidi ni ile inayoishi jirani na chuo.

Utetezi unajulikana. Husemwa kwamba wenyeji ndio waliotoa ardhi, na kwamba mpishi au mtunza bustani hawezi kutoka kaunti ya mbali kufuata mshahara mdogo. Kwa kazi hizo hoja ina uzito, na ni haki majirani wa chuo wanufaike nacho. Kwa wahadhiri, wasajili na naibu chansela haina uzito wowote, maana nafasi hizo hutangazwa nchi nzima. Ndiyo sababu mratibu asikubali kupewa jumla peke yake. Aombe takwimu kwa ngazi za kazi. Chuo kinaweza kutimiza theluthi kwenye karatasi huku kamati yake ya usimamizi ikiweza kufanya kikao kizima kwa lugha moja ya nyumbani.

Kuhesabu watu kunahitaji uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu asili ya kabila na imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Toeni idadi, msitoe majina, na orodha ya majina isizunguke ofisini wala kwenye simu za watu. Fomu nayo iwe na nafasi ya kila mtu. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya kwa vizazi bila uraia hadi serikali ilipoagiza wasajiliwe mwaka 2016, na Washona wakafuata mwaka 2021. Mwanafunzi wa jamii kama hizo akiambiwa ajiandike chini ya “wengineo”, ameshaambiwa mahali pake.

Hosteli na vyama vya nyumbani

KUCCPS, huduma ya kitaifa ya kuwapangia wanafunzi vyuo, humtoa kijana Mandera ikampeleka Kisii, na wa Busia ikampeleka Kilifi. Hiyo ni bahati kubwa kwa nchi, lakini hupotea wiki ya kwanza ikiwa kila mtu ataachwa ajitafutie wa kulala naye. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapangiwe vyumba kabla hawajafika, kwa kuchanganywa, na atakayekuwa na sababu ya kweli ya kuhama asikilizwe.

Vyama vya wanafunzi wa kaunti moja havifai kupigwa marufuku. Ndivyo vinavyompokea mgeni stendi, vinavyomchangia aliyefiwa na vinavyomwonyesha mgonjwa zahanati ilipo. Vinaharibika msimu wa kura, vinapogeuzwa kuwa mtaji wa wagombea. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yaliweka uchaguzi wa ngazi mbili: wanafunzi huchagua wawakilishi, nao wawakilishi huchagua baraza la wanafunzi. Mapatano ya kikabila yamebaki, ila sasa hufanywa na watu wachache zaidi. Mratibu asimuunge mkono mgombea yeyote. Aandae midahalo ya wazi, na awakumbushe wote kwamba kosa la uchochezi wa kikabila chini ya kifungu cha 13 cha sheria ya 2008 lina faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kumfikisha mtu mahakamani.

Ibada, mitihani na ngazi

Kibarua cha mratibu hapa ni kuipitia rasimu ya ratiba kabla haijachapishwa. Mtihani wa saa saba mchana Ijumaa humnyima Mwislamu swala, na wa Jumamosi humweka Msabato njia panda. Ibara ya 32 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi wa kiti cha magurudumu: somo lake lihamishiwe ghorofa ya chini, asisubiri wenzake wambebe. Na kiziwi apate mkalimani wa lugha ishara tangu siku ya kwanza ya muhula.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo cha Garissa, na wauaji waliwachambua wanafunzi kwa dini zao. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Tunakitaja kwa heshima, kwa sababu urafiki wa dini tofauti chuoni ni suala la usalama wa watoto wetu.

Ukibaguliwa

Andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, na uweke nakala. Anza kwa mratibu wa chuo. Asipochukua hatua, malalamiko yapelekwe NCIC, ambayo ina mamlaka ya kisheria ya kuyachunguza na kuzipatanisha pande mbili.

Nanyi waratibu, mjibuni kwa maandishi kila mlalamikaji, hata pale mtakapoona hana haki.