Gitaa nalicharaza, mfukoni sina kitu

Shangazi, nina miaka 23, naishi Temeke. Napiga gitaa la solo. Kila Ijumaa na Jumamosi tunapiga baa moja hadi saa nane usiku. Mwenye baa anatupa nauli na bia, anasema anatutangaza. Studio nako huwa naitwa kuweka gitaa. Nyimbo mbili zinapigwa redioni hadi leo na jina langu halimo. Mjomba anataka nikasomee umeme chuo cha ufundi, VETA. Niache muziki?
Mpiga Solo, Temeke

Mwanangu, muziki usiache. Acha kupiga bila makubaliano, tena kuanzia Ijumaa hii.

Wapo watakaokwambia mwenye kipaji hakosi riziki. Usiwasikilize. Bendi ya NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi: mshahara wa mwezi, vyombo vya mwajiri. Mlimani Park nayo, mwaka 1978, ilianzia chini ya kampuni ya usafiri. Vipaji vilikuwepo, ndiyo, lakini nyuma yake palikuwa na mtu wa kulipa. Wewe huna mwajiri, kwa hiyo bei yako utaitaja mwenyewe.

Kaeni bendi nzima, mchague msemaji mmoja. Aende kwa mwenye baa mchana, si usiku wateja wamejaa. Ataje bei ya usiku mmoja, adai kianzio kabla hamjapanda jukwaani, na yote yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Mwenye baa akikataa, msipige. Huenda wiki ijayo akaleta vijana wengine wa kupiga kwa bia. Itauma, najua, lakini bia haijawahi kulipa kodi ya chumba.

Suala la studio ni zito zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mpigaji pia ana haki zake. Jiulize: zile nyimbo mbili ulipiga ulichoelekezwa, au solo uliibuni wewe? Kama uliibuni, mfuate prodyuza kwa upole, mzungumzie jina lako na fungu lako. Tunza ujumbe wote aliokuitia kazini. Kisha nenda ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ukaulize haki yako ikoje, na usajili nyimbo ulizotunga mwenyewe. Siku nyingine, hayo yamalizwe kabla hujachomeka waya.

Mjomba usimnunie. Umeme ni kazi ya mchana, gitaa lako ni la usiku, na fundi mwenye kipato chake hababaishwi na mwenye baa. Nenda VETA.

Nanyi wenye baa mnaosoma ukurasa huu, watoto hawa ndio wanaowajazia viti. Walipeni kabla hawajafungasha vyombo.