Omba Faili Halisi za Picha ya Ubongo

Kila nukta ya picha ya CT ni namba. Katika kipimo cha Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni -1000. Faili halisi ya DICOM huhifadhi namba ghafi pamoja na kanuni ya kuzigeuza kuwa kipimo hicho. Programu ya kubadilisha faili ikiipuuza kanuni, maji yaweza kusomeka 1024. Nakala ya kawaida ya JPEG hubakiza ngazi 256 tu za mwangaza, na kipimo hupotea.

MRI haina kipimo kama hicho. Hivyo, tofauti ya mwangaza pekee si ushahidi wa ugonjwa.

Tunakushauri uombe faili za DICOM pamoja na ripoti, uzihifadhi, na umkabidhi daktari mwingine hizo, wala si picha iliyopigwa kwa simu.