Nyuzi za Udi: Mafunzo Niliyopata Kisenyi

Kisenyi, mtaa wa Wasomali katikati ya Kampala, udi unaitwa kaban. Nyimbo za mapenzi za zamani, qaraami, haziendi bila huo. Abdullahi Qarshe, mpigaji wa kaban anayehesabiwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi mwaka 1924, kwa hiyo chombo hiki si mgeni kwetu. Haya nimejifunza kwa kuwafungia wazee nyuzi.

1. Pima kabla ya kununua. Udi wa Kiarabu huwa na karibu sentimita 61 toka juu ya shingo hadi kwenye daraja, wa Kituruki 58.5, gitaa 65. Nyuzi za gitaa la nailoni zikifungwa kwenye udi kwa sauti ileile, hulegea.

2. Waya wa chuma usiuguse udi. Daraja limegandishwa kwa gundi tu juu ya ubao usiozidi milimita mbili hivi. Nyuzi 11, kila moja ikivuta kama kilo tatu, tayari ni zaidi ya kilo 30. Chuma huvuta maradufu, na daraja likibanduka huondoka na ganda la ubao.

3. Mwimbaji ndiye anayeamua unene. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Ukipandisha uzi kwa hatua moja nzima, do kuwa re, mvuto unaongezeka kwa robo. Ukitoka milimita 0.60 kwenda 0.70 kwa sauti ileile, unaongezeka zaidi ya theluthi. Mzee mmoja aliniletea kaban yake akitaka nyuzi nene "ili isikike ukumbini". Nikamwomba aimbe kwanza. Sauti yake ilikaa juu kidogo ya pale alipokuwa akiufunga udi. Tukapandisha, tukatia nyuzi nyembamba zaidi, na udi ukafunguka. Alikaa akipiga uzi wa chini kwa dole gumba, akiusikiliza mpaka unyamaze.

4. Nailoni ya kuvulia samaki inafaa kwa nyuzi nyembamba, bora uwe na hakika ya kipimo chake. Wapigaji wa adungu hapa Uganda wanaitumia. Besi ni kazi nyingine: ndani kuna nyuzinyuzi laini, nje waya wa shaba uliopakwa fedha. Hizo hazina mbadala wa dukani.

5. Badilisha jozi nzima ya nyuzi zinazopigwa pamoja. Uzi mpya na mkuukuu hazikubaliani.

Besi ndizo zinazowapa wazee shida zaidi. Kama unasafiri kwenda Mombasa, Dubai au Istanbul, muulize mpigaji wako urefu wa udi wake na sauti anazofungia, kisha umletee seti moja. Haijazi hata mfuko wa shati.