Posho na Yenga Mjini Likasi: Kuandaa Ziara ya Siku Mbili

Mwanafunzi wa lugha anayetaka kuandaa ziara ya mwisho wa juma mjini Likasi aanze na majina ya siku. Katika Kiswahili sanifu, hesabu ya siku hutoka kwenye Ijumaa, siku ya msikiti: Jumamosi ni siku ya kwanza baada yake, Jumapili ya pili, na kuendelea hadi Jumatano. Katika Kiswahili cha kwetu hesabu huanza pale watu wanaporudi kazini. Tuna siku ya kwanza hadi siku ya tano, kisha siku ya posho, kisha siku ya yenga. Kwa hiyo siku ya tano ya Likasi ni Ijumaa ya vitabu, wala si Jumatano. Mwenye kuandika barua ya kuomba miadi kwa Kiswahili cha darasani, kisha akathibitisha kwa simu kwa Kiswahili cha nyumbani, anaweza kukosana na mwenyeji wake kwa siku mbili nzima.

Neno posho lenyewe lina safari ndefu. Katika misafara ya karne ya 19 lilikuwa chakula cha wapagazi. Makampuni ya madini yalilirithi: mfanyakazi alipewa mshahara na posho, yaani unga na vyakula vingine vilivyogawiwa kwa kipimo. Siku ya kugawa ikachukua jina la kitu kilichogawiwa, na mpaka leo hata mtoto ambaye hajawahi kuona foleni ya unga anasema shule hakuna siku ya posho. Pwani neno hilohilo limekwenda njia nyingine, likawa malipo ya vikao na safari za kikazi. Hii ndiyo sababu tunapendekeza Likasi kwa wanafunzi wa idara zetu: pale mtu anaweza kutembea ndani ya msamiati wake mwenyewe.

Turudi kwenye matayarisho. Likasi iko kiasi cha kilometa 120 kutoka Lubumbashi, kwenye barabara kuu ya kwenda Kolwezi. Msimu mzuri ni wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane. Mchukue koti, kwa maana asubuhi za mwezi wa sita ni baridi kweli. Muondoke mapema siku ya posho, na franka ndogondogo mfukoni. Barua ya fakulte, ile inayoitwa ordre de mission, ipelekwe kwenye ofisi ya meya kabla ya siku ya tano kwisha. Msitegemee kukuta mwenye mhuri siku ya posho. Bila karatasi hiyo, kamera mbele ya kiwanda, daraja au stesheni inaweza kuwaharibia siku yote.

Mji ulipewa jina la Jadotville mwaka 1931. Jean Jadot alikuwa mhandisi wa Kibelgiji aliyejenga reli huko China kabla ya kuwa mmoja wa wakuu wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966, wakati Elisabethville ilipokuwa Lubumbashi. Lakini lile la zamani halijafa huko nje: msomaji wa Ireland akisikia Jadotville anakumbuka Septemba 1961, wakati askari wa nchi yake wapatao 155, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walipozingirwa hapo na majeshi ya Katanga iliyojitenga, wakapigana siku tano, kisha wakajisalimisha bila kufiwa na hata mmoja. Filamu iliyotoka mwaka 2016 imefanya wageni waje kutafuta mahali pa vita. Wasitafute barabara walizoziona humo, maana ilipigwa Afrika Kusini.

Kwa siku ya kwanza ya ziara, zunguka kwa miguu katikati ya mji, halafu nenda kwenye soko la Kikula. Komini nne za mji, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, bado zinaonyesha mpango wa kikoloni: Wazungu upande mmoja, cité ya Waafrika upande mwingine, na kambi za kampuni karibu na viwanda. Kiwanda cha Shituru, kilichoanza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, mtakitazama kwa nje, inatosha. Ajabu yake kwa mtu wa lugha si mabomba. Ni kwamba majina ya vijiji vya hapa yameingia katika sayansi ya dunia: likasite ni jina la madini yaliyotambuliwa katika mgodi wa Likasi, kolwezite na kipushite yamefuata njia hiyo, na kasolite imetoka Kasolo, ambalo ni jina lingine la Shinkolobwe. Wakati huohuo jina la shaba lililokuwa kinywani mwa wenyeji kabla ya kampuni, mukuba, halikupewa nafasi hiyo.

Shinkolobwe msiiweke kwenye ratiba. Kila promosyo ina mmoja anayesema twende tuone tu, ni karibu. Ni karibu, kweli. Urani iligunduliwa pale mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka katika mgodi huo. Serikali iliufunga mwaka 2004, na mwaka huohuo sehemu yake ikaporomoka na kuua wachimbaji. Mionzi haina harufu wala haiumi papo hapo. Mwalimu anayewaruhusu wanafunzi kwenda huko kwa ajili ya picha hajafanya kazi yake.

Siku ya yenga ndiyo kiini cha ziara. Baada ya ibada wazee wako nyumbani, na kambi ya Panda inakuwa na utulivu. Hapo mtakutana na wastaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967. Wengi wa rika hilo waliona mambo mawili: miaka ya 1980, wakati kampuni ilipotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na mwaka 1994, wakati haikufikisha hata tani 40,000. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa mwaka 2003 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Muulizeni mzee kama hiari ni neno sahihi, kisha mnyamaze, msikilize.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto. Ikampa nyumba, shule, hospitali na posho. Ikamhesabia watoto wake na kumchagulia majirani. Kutoka hapo ukazaliwa usemi unaojulikana Katanga nzima, kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika juu ya wana Shaba walioachwa na baba yao, na kichwa hicho cha kitabu chake hakieleweki bila usemi huo. Msiupokee kama shukrani tu. Baba huyohuyo alisimama upande wa waliopiga risasi: katika mgomo wa Desemba 1941 askari waliwafyatulia wagomaji Lubumbashi na Likasi pia.

Namna ya kuingia nyumbani kwa mzee ni sehemu ya somo. Simama mlangoni, useme Jambo, Baba, au Jambo, Mama, na usubiri. Jibu litakuwa kama hili: Karibuni, batoto, muikale. Katika maneno hayo matatu tayari kuna kazi ya sarufi: kiambishi ba- mahali pa wa-, na kitenzi kuikala mahali pa kukaa. Atasema pia mu kampi na ku kazi, wakati kitabu chetu kinataka kambini na kazini. Anayemsahihisha mwenyeji wake amefunga mahojiano. Edgar Polomé, aliyefundisha Elisabethville kabla ya uhuru, alichunguza Kiswahili hiki kama lugha yenye kanuni zake, na sisi hatuna sababu ya kukiita Kiswahili kilichoharibika.

Kuna swali moja la kuacha, nalo ni kabila gani. Mwaka 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zilifukuzwa katika miji ya madini, na stesheni ya Likasi ilijaa watu waliosubiri treni kwa majuma na miezi. Wengine walikufa humo. Anayewauliza wazee kabila anagusa kidonda hicho bila kujua nani aliondoka na nani alibaki katika nyumba ya nani. Mzee akitaka kusimulia, atasimulia. Kalamu ichukue, kinasa sauti kizimwe mpaka aseme kiwashwe.

Orodha fupi ya maneno ya kuanzia: posho, kampi, kapita. La tatu lina asili ya Kireno na lilimhusu msimamizi Mwafrika. Uliza nani aliitwa hivyo, na kama aliitwa kwa heshima au kwa hofu. Jioni, kabla ya giza, mpande gari la kurudi. Siku ya kwanza, saa ya somo, kila kundi lilete unukuzi wa dakika kumi, ulioandikwa jinsi ulivyosemwa, na tafsiri ya Kiswahili sanifu kwenye ukurasa mwingine.