Asiyeona Safarini na Mlango wa Intaneti

SWALI: Mimi sioni, nami husafiri baina ya Kilifi na Malindi kwa biashara. Katika nyumba za wageni, ukurasa wa kufungulia waifai hunishinda. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, taksiri hiyo si yako, bali ni ya waliotengeneza ukurasa ambao aghalabu humtaka mtu atambue picha au abonyeze kitufe kisicho na jina, hata programu ya kusoma kioo ikabaki kimya. Kwa sababu hiyo naona afadhali utumie data ya simu yako mwenyewe, uigawie kompyuta, kuliko kumkabidhi simu mtu usiyemjua.

Kabla ya kuondoka Kilifi, pakua sauti isiyohitaji intaneti ya TalkBack, programu ya kusoma kioo cha simu. Tena chukua katika flashi nakala ya NVDA, programu ya bure ya kusoma kioo iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo huendeshwa kwenye kompyuta ya Windows ya mtu mwingine bila ya kusakinishwa, na ambayo husoma Kiswahili pia, ijapokuwa kwa sauti kavu. Ndani ya matatu, tia kisikilizio sikio moja tu, na ukifiche kioo kabla ya kuandika namba ya siri ya M-Pesa.

Ama mwenye nyumba ya wageni, mwambie kwa adabu, wala usione haya, kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, naye mwenye nyumba hakosi uwezo wa kuiondoa picha ile akaweka neno la siri la kawaida.