Kivuli Kabla ya Kiyoyozi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani ya jengo na kulitupa nje, na kazi hiyo hula umeme. Swali la kwanza basi ni hili: joto hilo liliingiaje?

Kibiti iko karibu nyuzi 8 kusini ya Ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu sana, likachoma paa. La asubuhi na la alasiri huja chini, likapiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo ofisi kubwa ielekeze pande zake ndefu kaskazini na kusini, na madirisha yake yawe chini ya upenu. Nyumba ya makuti ya delta hutumia kanuni hiyo hiyo ya kivuli.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, hupata nguvu zake katika mto huu wa Rufiji. Tusiutumie umeme huo kulipia makosa ya ramani.