Dondoo muhimu: Unyevu bila hewa humuumiza kobe

Kabla ya kumweka kobe wa maji ndani ya nyumba hapa Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, pata kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS); Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali hicho. Kisha achana na dhana kwamba kobe huyu akilowa mchana kutwa ndipo anapokuwa na afya. Hata ziwani hupanda juu ya gogo au jiwe kuota jua, na gamba lisilopata nafasi ya kukauka hushambuliwa na kuvu na bakteria, likalainika na kunuka. Kwa hiyo mpe maji ya kutosha kuogelea, jiwe pana la kupandia, na wavu juu badala ya kifuniko cha plastiki. Utasema wavu unapoteza unyevu. Ni kweli, lakini maji yenyewe huurudisha, ilhali hewa iliyofungiwa chini ya paa la mabati saa nane mchana humchemsha mnyama. Jua la dirishani halitoshi, maana kioo huzuia miale inayomjengea vitamini D. Tumia taa ya urujuanimno au mtoe nje asubuhi, penye kivuli karibu. Maji na udongo kutoka mahali pa kuoshea dhahabu usivitumie kamwe, kwa sababu huweza kuwa na zebaki.